Supu ya Madonge kwenye Sufuria ya Umeme ya Taratibu: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Supu na madonge ya unga ni mapishi mawili yanayokutana kwenye chungu kimoja, na hayataki moto wa namna moja. Supu inataka saa nyingi na moto wa chini. Donge linataka supu inayotokota kwelikweli, mvuke uliojaa chini ya mfuniko, na dakika 40 bila kufunuliwa. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini inaanzia hapo: madonge yalitiwa mapema, wakati supu ina moto lakini haijachemka.

Kwa mpishi wa Arusha au Moshi kuna jambo la pili. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Moshi iko chini zaidi, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 97. Tofauti hiyo ndiyo inayochelewesha maharage na kuku wa kienyeji kuiva kuliko Tanga au Dar es Salaam, na hewa nyepesi ya huku juu ndiyo inayofanya beking pauda iumue kupita kiasi. Vipimo vya hapa vimezingatia hilo.

Kipimo cha kuanzia

Kwa sufuria ya lita 4.5 hadi 6: kuku wa kienyeji mmoja aliyekatwa vipande (kilo 1.2 hivi), maji lita 1.5, vitunguu maji 2, karoti 3, viazi mviringo 3, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Viazi na karoti vikae chini, nyama juu yake, kisha maji ya moto. Moto wa chini saa 8, au moto wa juu saa 5.

Madonge: unga wa ngano gramu 250 (vikombe 2 vya mililita 250, unga ukitiwa kwa kijiko bila kushindiliwa), chumvi nusu kijiko cha chai, siagi gramu 40, maziwa baridi mililita 150 hadi 165. Beking pauda ni vijiko vya chai 2 kwa Arusha, 2 na nusu kwa Moshi, vilivyosawazishwa kwa kisu. Sugulia siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chembechembe, mimina maziwa, koroga kwa uma mpaka unga mkavu usionekane tena, basi. Unapata madonge 15 hivi ya kijiko kimoja cha chakula. Kama sufuria yako ni ya mviringo na ndogo, piga nusu ya kipimo. Madonge 15 hayatatosha humo bila kupandana, na kupandana ni chanzo cha tatizo utakalolisoma mbele kidogo.

Madonge yameyeyuka, supu imegeuka uji

Hili ndilo linalokatisha watu tamaa, na linafahamika vizuri. Wanga wa ngano huanza kuvimba na kushikana kwenye nyuzi 60 na kitu. Donge likiingia kwenye supu inayotokota, ngozi yake ya nje inashika mara moja na kuzuia kilicho ndani kisitoke. Likiingia kwenye supu ya vuguvugu, ngozi inalowa kwanza, inamumunyuka, na unga unaanza kuchuruzika kwenye mchuzi kabla haujashika. Ukikoroga ili uone kama yameiva, umemalizia kuyavunja.

Kwa moto wa chini supu inaweza kuwa imeiva kabisa bila hata povu moja kuonekana. Hiyo si supu ya kutiwa madonge. Geuza swichi kwenye moto wa juu dakika 30 hadi 45 kabla, funika, na utazame kupitia kioo cha mfuniko. Mapovu yataanza kando, kwa sababu nyaya za joto kwenye sufuria nyingi za aina hii zimezunguka ubavu. Usidanganyike na hayo ya kando; ngoja mpaka katikati nako kutokote. Kama hujiamini, tia donge moja tu la majaribio, funika, na ulitazame baada ya dakika 5. Likibaki zima, tia mengine. Likitawanyika, funika tena supu na usubiri robo saa.

Chanzo cha pili ni unga mwepesi. Donge lililo tayari linaning'inia kwenye kijiko na kuhitaji kusukumwa na kidole ndipo lianguke. Likianguka lenyewe, maziwa yamezidi: ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, koroga mara tatu nne, jaribu tena. Maziwa yasimiminwe yote kwa mara moja hata kama kipimo kimeandikwa, kwa kuwa unga wa ngano haufanani; ulionunuliwa msimu wa mvua na kukaa wazi unakuwa umeshavuta unyevu.

Yakishayeyuka hayarudi. Unachoweza kuokoa ni supu: toa nyama kwa kijiko chenye matundu, chuja mchuzi kwenye chujio la chai la ukubwa wa bakuli, au uache kama supu nzito na uongeze maji ya moto kikombe kimoja. Inalika vizuri tu. Halafu piga unga mpya na safari hii ngoja mtokoto.

Kuna nyumba ambazo sufuria haifiki kwenye mtokoto huo hata ukingoje, hasa jioni, na sababu yake iko chini kwenye sehemu ya sufuria isiyopata moto. Hapo usishindane nayo. Hamishia supu kwenye sufuria ya kawaida juu ya gesi au mkaa, ichemke, tia madonge, funika, punguza moto kidogo, na dakika 15 hadi 20 zinatosha. Supu imekwisha kupata utamu wake wa saa nane. Madonge hayajali yameivia kwenye jiko gani.

Yameiva lakini ni magumu na mazito

Kwanza jiulize ulikanda kiasi gani. Mkono uliozoea chapati unataka kukanda mpaka unga uwe laini na uvutike, na kwa chapati hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa donge ni kosa. Kadiri unavyokanda ndivyo protini za ngano zinavyojifuma na kukaza, na donge linatoka la kutafuna kwa nguvu. Unga wa donge unaachwa na mabonge yake madogomadogo.

Kisha pima beking pauda. Kopo lililofunguliwa miezi mingi iliyopita na kukaa karibu na jiko linapoteza nguvu polepole bila kubadilika rangi wala harufu. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji ya moto: ikifurika povu papo hapo, nzima, ikitoa viputo vichache vya uvivu, tupa. Ya kupimiwa dukani kwenye vifuko vya nailoni tungependa uipime kila unapoinunua, maana hujui kopo lake lilifunguliwa lini.

Na je, unga ulikaa? Beking pauda huanza kufanya kazi ikilowa tu. Ukichanganya saa kumi jioni na kutia saa kumi na moja, gesi nyingi imeshatoroka ikiwa bado kwenye bakuli. Pima vitu vikavu na kusugulia siagi mapema ukitaka, lakini maziwa yaingie supu ikiwa tayari inatokota.

Yaliumuka vizuri, halafu yakabonyea

Hili ni la Arusha zaidi kuliko Moshi, na ukiwa Ngaramtoni au Usa River uangalie ni upande gani wa Mlima Meru uliopo na unapanda au unashuka. Mahali pa juu hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo gesi ile ile ya beking pauda inapanuka zaidi. Donge linavimba haraka kuliko linavyoiva, kuta zake zinashindwa kulibeba, linakaa. Dawa ni kupunguza robo kijiko cha chai cha beking pauda, si kuongeza kama wengi wanavyodhani. Chanzo kingine cha dalili hii ni mfuniko kufunuliwa dakika ya kumi.

Anayependa mtindi badala ya maziwa atapata donge laini zaidi, lakini asiache kipimo kama kilivyo. Kwa gramu 250 za unga: mtindi mililita 180, bikaboneti ya soda robo kijiko cha chai, beking pauda kijiko kimoja tu. Uchachu wa mtindi unaiamsha bikaboneti. Ikizidi, unga unabaki na ladha ya sabuni.

Juu yamelowa, ndani mabichi

Chana donge moja katikati. Ukiona kiini cha kijivu kinachonata, liliwekwa kubwa mno, au yalipandana, au ulifunua. Madonge yanaelea, nusu ya chini inaivishwa na supu na nusu ya juu inaivishwa na mvuke tu. Kila unapofunua, mvuke wote unaondoka, na sufuria hizi zina wati chache sana za kuurudisha: hesabu dakika 20 hadi 30 za nyongeza kwa kila kufunua kwa muda mrefu. Fungua mara moja, dakika ya 40, choma donge la katikati kwa kijiti cha meno. Kijiti kikitoka kikavu, zima.

Utelezi wa juu peke yake, huku ndani kumeiva, ni matone yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko. Tandaza kitambaa safi cha pamba kwenye mdomo wa chungu, funika juu yake, na pembe zake uzikunjie juu ya mfuniko zisiguse ubavu wa moto wala waya. Usiiache sufuria peke yake ikiwa na kitambaa.

Nyama: imegoma, au imevurugika

Kuku wa kienyeji aliyekomaa na kuku wa kisasa wa wiki sita hawapikwi kwa muda ulio sawa. Wa kisasa anaiva kwa moto wa chini saa 3 hadi 4. Ukimwacha saa 8 utakula nyuzi na mifupa iliyotawanyika kwenye mchuzi. Wa kienyeji kwa saa 4 bado anakuvuta meno. Mpe saa 8 za moto wa chini, na jogoo mzee 9 au 10. Nyama ya ng'ombe chagua yenye mishipa na mafuta, kama ya kongoro au shingo, saa 8 hadi 9, kwa kuwa gegedu na mishipa ndiyo inayoyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Steki inakauka.

Nyama iliyogandishwa isiingie kamwe ikiwa bado barafu. Itakaa saa nyingi kwenye joto kati ya nyuzi 5 na 60, ambako vijidudu huzaana kwa kasi, na chungu cha baridi kinaweza kupasuka. Iyeyushie kwenye friji usiku mzima.

Viazi na karoti bado vigumu

Vilikaa juu. Joto liko ubavuni na chini, kwa hiyo mizizi ndiyo itangulie kwenye chungu, ikiwa imekatwa vipande vya sentimita 2. Tatizo likibaki, tazama kama ulitia nyanya nyingi au ndimu mwanzoni: uchachu unachelewesha mboga kulainika. Ndimu ni ya mwisho, kwenye bakuli.

Ukitaka kuondoa viazi, ndizi mshare zinakaa vizuri sana humu, zikiwa zimemenywa na kukatwa vipande viwili viwili. Zitapasuka kidogo na kuufanya mchuzi mzito kuelekea mtori. Punguza unga wa madonge au uongeze maji kikombe kimoja.

Supu nyepesi, haina ladha

Kwenye jiko la kawaida maji hupungua, na hapo ndipo ladha hukusanyika. Kwenye sufuria hii mfuniko unayarudisha karibu yote. Mtu akitia lita 2 na nusu kama alivyozoea kwenye mkaa, anapata lita 2 na nusu za maji ya kuku. Lita 1.5 inatosha. Kaanga vitunguu kwenye kikaango mpaka viwe vya kahawia kabla ya kuvitia, na ngozi ya kuku uipitishe kwenye mafuta ya moto dakika 3 kila upande, kwa sababu moto wa taratibu hauwezi kutengeneza rangi hiyo. Ni kazi ya dakika 15 na ndiyo inayotofautisha supu na maji ya kuchemshia.

Kama tayari imeshakuwa nyepesi: moto wa juu, bila mfuniko, dakika 30 hadi 45, kabla ya madonge. Chumvi ya mwisho na kotimiri vitiwe wakati wa kupakua.

Maziwa au tui limekatika

Limekaa kwenye moto muda mrefu. Tui zito la nazi au maziwa yaingie mwishoni, sufuria ikiwa imeshazimwa na madonge yameshaiva, baada ya kuchanganywa na upawa mmoja wa supu ya moto kwenye bakuli la pembeni. Ladha haijaharibika, ni sura tu.

Ukitia maharage

Hapa tunaomba usichukulie wepesi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Kuchemka kwa nguvu kunaivunja. Joto la taratibu linaweza lisiivunje, na maharage yaliyoivia kwenye moto mdogo bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Dalili ni kichefuchefu, kutapika kwa nguvu na kuharisha, ndani ya saa chache. Loweka usiku mzima, mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha kwenye gesi au mkaa yakitokota sana kwa dakika 30, mwaga tena, ndipo yaingie kwenye sufuria ya umeme. Yatahitaji saa nyingine 6 hadi 8 za moto wa chini kwa hali ya hewa ya Arusha.

Wengine hulainisha kwa magadi. Magadi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na maji ya baadhi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru tayari yanayo ya kutosha kuharibu meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi. Kulowesha kunatosha, magadi yaache.

Sufuria yenyewe haipati moto

Angalia kwanza mahali swichi ilipo. Alama ya WARM ni ya kutunza chakula kilichokwisha iva, haipiki. Chungu kijae kati ya nusu na robo tatu; kilichojaa mpaka mdomoni kinachelewa sana kuchemka.

Volti nazo zina neno. Joto la waya hufuata mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka 230 hadi 200, sufuria ya wati 250 inabaki na 190 hivi, yaani karibu robo ya nguvu imepotea. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko, hilo hutokea, na ndiyo sababu supu iliyotokota vizuri Jumapili mchana inagoma siku ya kazi saa moja usiku. Panga madonge yaingie saa kumi, au tumia gesi. Asubuhi za Juni na Julai, chungu kikiwa cha baridi, anza na maji ya moto na moto wa juu saa moja, kisha ushushe. Ila chungu cha kauri kilichotoka kwenye friji usikimwagie maji yanayochemka, kitapasuka.

Kuijaribu: jaza maji ya bomba nusu, funika, moto wa chini saa 8, kisha pima kwa kipimajoto mara tu unapofunua. Nyuzi 85 au zaidi ni salama. Chini ya hapo waya umechoka, na hata nyama usiipike humo. Iliyoletwa kutoka Marekani soma chini yake kabla ya kuchomeka: ikiandikwa volti 120 bila transfoma itaungua.

Umeme umekatika katikati

Usifunue. Kama upo nyumbani na unajua ulikatika saa ngapi, hamishia kwenye gesi au mkaa mara moja na umalizie huko. Kama supu ilikuwa imeiva kabisa kabla ya kukatika, inavumilia saa 2. Kama ulikuwa kazini na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga, hata ikinukia vizuri. Kuchemsha upya kunaua vijidudu lakini baadhi ya sumu walizoziacha hazitoki kwa moto. Sufuria za swichi ya kuzungusha huendelea kupika umeme unaporudi bila kuacha ishara yoyote, kwa hiyo kwenye wiki za mgao pika siku ambayo kuna mtu nyumbani.

Supu ya jana imeganda, madonge yamenyonya mchuzi wote

Lazima yanyonye, ndiyo tabia ya unga. Baada ya kula, toa madonge yaliyobaki, yaweke kwenye chombo chake, supu kwenye vyombo vya kina kifupi ipoe haraka, na vyote viingie kwenye friji ndani ya saa 2. Siku 3 zinatosha. Kupasha moto tumia jiko, si sufuria ya taratibu: supu ichemke kwanza pamoja na nusu kikombe cha maji, kisha madonge yaingie dakika 5, yakiwa yamefunikwa.